PS2 Haikuwa Paradiso, na Orodha Yako Si Yako

Wasee, tuache uongo. Siku hizi kila mtu wa rika langu Nairobi ni mtaalamu wa PlayStation 2. Mkikaa dakika kumi, hata kama mlianza na bei ya unga, mtafika hapo tu: "Gemu zilikuwa zamani, buda. Za leo ni picha tupu." Kisha orodha inaanza, na ukiisikiza vizuri, orodha yenyewe ni ya ajabu. Nambari moja, Shadow of the Colossus. Nambari mbili, Ico. Nambari tatu, Final Fantasy X. Mtu aliyekulia Kayole au Huruma, aliyekuwa akilipa kwa mechi, ananiambia bila kupepesa macho kwamba gemu ya utoto wake ni ile ya kijana mpole anayezunguka nyika tupu na farasi, akitafuta majitu 16 ya kuua.

Niambie basi: uliicheza wapi? Na yule aliyekuwa akingoja zamu nyuma yako alikubali?

Hapa kuna uongo wa aina mbili, na umeoana. Wa kwanza unasema kila kitu cha PS2 kilikuwa kikali. Wa pili unasema vilivyokuwa vikali kweli ni vile vilivyosifiwa na waandishi wa Marekani, Uingereza na Japani, watu waliokuwa na mashine sebuleni, memori kadi yao wenyewe na wikendi nzima bila mtu wa kuwafukuza. Uongo wa kwanza unatufanya tuzeeke vibaya. Wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu unafuta mahali tulipokuwa na kutuweka mahali ambapo hatukuwahi kufika.

Tuanze na hesabu. PS2 iliingia sokoni Japani Machi 2000, na Sony ilithibitisha kusitisha utengenezaji wake Januari 2013. Katikati hapo ziliuzwa zaidi ya milioni 155. Ni namba ya kutisha, lakini inahesabu mashine, haihesabu vidole. Mashine moja kwenye chumba cha mabati mtaani ilipitiwa na watoto wangapi kwa likizo moja ya Agosti? Kwa vitabu vya kampuni, sisi wote pale tulikuwa mteja mmoja. Na kama mashine yenyewe ilikuja mtumba, hata huyo mteja mmoja alishahesabiwa nchi nyingine. Kwa hivyo usitarajie mtu wa mbali akuandikie historia yako. Hakujua uko.

Chumba chenyewe unakijua. Televisheni mbili au tatu nzito zenye kisogo, pazia mlangoni ili jua lisipige kioo, benchi la mbao, na mwenye PS ameketi karibu na soketi kama karani wa benki. Mechi ya mpira ni ashu. GTA ni kwa muda, na saa ni ya mwenye PS, haina rufaa. Mshindi anabaki, aliyelimwa analipa na kurudi mwisho wa foleni. Hiyo ndiyo ilikuwa taasisi. Na taasisi hiyo ilikuwa na mkaguzi mkali kuliko gazeti lolote la gemu duniani, yaani benchi.

Benchi halikuuliza kama hadithi ina kina. Liliuliza kama mgeni anaweza kushika kontrola akaelewa kabla pesa yake haijaisha. Liliuliza kama mechi inaisha upesi ili wengine nao waguse. Zaidi ya yote, liliuliza kama wanaongoja wanafurahia kutazama, kwa maana kwa kila dakika uliyocheza, ulitazama thelathini. Gemu ambayo haikumjali mtazamaji ilikufa siku ya kwanza.

Chukua Tekken. Vitufe vinne, viungo vinne: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Basi. Hakuna maelezo mengine ya kuanzia mtoto wa miaka saba anayohitaji. Ukimpa Eddy Gordo wa Tekken 3, kwenye ile PlayStation ya kwanza, mtoto huyo anabonyeza vitufe vya miguu kama anayetwanga mahindi, na jamaa wa kidato cha tatu analala chini. Mkaguzi wa sebuleni atakwambia huo ni upungufu, kwamba ustadi haukulipwa. Benchi lilijua kwamba bila Eddy yule mdogo hangerudi kesho na ashu nyingine. Halafu lilitunga sheria: wakubwa kwa wakubwa, Eddy haruhusiwi. Tekken 5 ilipofika PS2 mwaka 2005, ikiwa imebeba ndani yake Tekken za kwanza tatu kama zilivyokuwa kwenye mashine za kumbi za michezo, tulipata shule nzima kwa CD moja. Nimeirudia juzi. Bado inasimama. Raundi zinaisha upesi, kila pigo linasikika, na hata asiyecheza anajua nani anaumia. Hiyo ni gemu nzuri, na sihitaji mtu wa London kunithibitishia.

PES 6 ya mwaka 2006 ni kesi ngumu kidogo, na ndiyo sababu naipenda. Kwa karatasi, ina aibu kibao. Konami haikuwa na leseni za timu nyingi, kwa hivyo mtaa uliojaa mashabiki wa Liverpool ulilazimika kuchagua "Merseyside Red", na Chelsea ikaitwa "London FC". Adriano wa Inter alipewa nguvu ya shuti 99, yaani ukimpa mpira katikati ya uwanja unaweza kuanza kusherehekea. FIFA ya wakati huo ilikuwa na majina halisi na ligi kibao. Benchi likachagua PES, kwa sababu mpira wake ulikuwa na uzito na makosa yake yalikuwa ya mchezaji. Pale ilipovunjika, benchi liliifunga bandeji lenyewe: Inter hakuna, Brazil mkichukua wote wawili sawa, bao la kona la dakika ya mwisho linahesabiwa na hakuna kulia. Baadaye zikaja CD zenye vikosi vipya, zimepachikwa na watu tusiowajua, jezi zimechorwa upya, majina ya kweli yamerudi. Ile PES tuliyocheza ilitengenezwa nusu na Konami na nusu na watu wasio na jina. Ukiandika juu yake kana kwamba ni bidhaa ya kiwandani tu, umeandika nusu.

Sasa tufike kwa San Andreas, maana hapo ndipo uongo umejenga nyumba. Ilitoka Oktoba 2004, na hakuna gemu inayopendwa zaidi na iliyomalizwa na wachache zaidi mtaani. Kila mtu alijua Grove Street. Kila mtu alikuwa na karatasi ya daftari yenye mfuatano wa vitufe vya kuleta silaha, pesa na kifaru. Lakini San Fierro na Las Venturas, kwa wengi wetu, zilikuwa kama nchi za nje: unasikia ziko, hujawahi kupata viza. Memori kadi ya PS2 ilikuwa na megabaiti 8, na ya pale ilikuwa moja, mali ya umma. Unacheza wiki mbili, unafika mahali, unarudi Jumamosi unakuta mtu ameandika juu ya safari yako.

Nimeicheza mwaka jana nyumbani, polepole, mpaka mwisho. Na nina habari mbaya kwa wote wanaoiita gemu bora ya wakati wote. Ufyatuaji wake ni duni. Unalenga adui aliye mbele yako, gemu inakuchagulia mama anayevuka barabara. Ukiuawa ndani ya misheni, hakuna kuendelea kutoka katikati: unaamka hospitalini bila silaha, unaendesha tena mji mzima kurudi mwanzo. Ile ya kukimbiza treni kwa pikipiki huku Big Smoke akipiga risasi hewani kama anasherehekea harusi bado inaudhi vilevile. Ile ya ndege ndogo ya Zero, yenye mafuta ya kijiko, inaudhi zaidi. Aliyekuwa na mashine kwake alipoteza dakika ishirini. Mtoto wa benchi alipoteza nauli ya wiki. Ugumu ambao mbunifu aliuweka bure, sisi tuliulipia kwa shilingi, na hakuna ukaguzi hata mmoja wa mwaka 2004 uliotia hilo kwenye alama.

Lakini pia kuna habari nyingine, na hii ndiyo iliyoniuma. Kwa sababu muda ulikuwa pesa, kila mtu aliruka mazungumzo kwa kubonyeza X. Kila mtu. Mtu akikaa kusikiliza, benchi zima linamfokea: "Ruka! Ruka!" Na ndani ya mazungumzo hayo, dakika za kwanza kabisa, kabla hujapata hata baiskeli, CJ anatoka uwanja wa ndege na kusimamishwa na maafisa wa polisi. Wanamnyang'anya pesa zake na kumtishia kumbambikia kesi ya mauaji. Mkubwa wao, Tenpenny, ndiye anayemfuata hadithi nzima. Maze, fikiria. Chumba kimejaa vijana wa Eastlands, vijana ambao hawahitaji kuelezwa maana ya kusimamishwa usiku na kuulizwa "unatoka wapi", na mbele yao kuna hadithi ya kitu hichohicho, na wanairuka ili wafike kwa kifaru upesi. Gemu nzuri ilikuwemo ndani ya ile tuliyokuwa tukicheza. Bei ilituzuia kuiona.

Ndiyo maana siwezi kukubali wimbo wa "zamani ilikuwa safi". Benchi lilikuwa hakimu mkali, lakini halikuwa hakimu wa haki siku zote. Lilifukuza kila kitu cha polepole. Lilipenda kelele. Na liliwafukuza wasichana. Dada yangu alikuwa mkali wa Tekken kuniliko; aliingia pale mara mbili, mara zote mbili akashinda, na mara zote mbili maneno aliyorushiwa hayakuwa juu ya Tekken. Hakurudi. Unapoimba kwamba PS ilituunganisha mtaa mzima, hesabu upya mtaa.

Tena tazama God of War ya 2005. Kama sinema ya pamoja, haikuwa na mpinzani: mmoja anacheza, kumi na wawili wanatoa ushauri wa bure. Ile njia ya mihimili membamba kule Hades, yenye visu vinavyozunguka, ilizaa makocha kuliko ligi yoyote. Mwili wa ile gemu bado uko sawa. Minyororo ya Kratos bado ina utamu mkononi. Lakini wanawake wake wako pale kama mapambo au kama nyama, na kuna ule mchezo mdogo wa kitandani kwenye meli ambao chumba kizima kilikuwa kikiushangilia. Ukiirudia leo ukiwa na akili ya mtu mzima, utaona aliyetengeneza alikuwa akiongea na chumba cha wavulana tu. Na alikipata.

Na gemu mbaya? Zilikuwepo tele, na hakuna anayezitaja, kwa sababu kumbukumbu ni kama mama mboga mjanja: nyanya nzuri juu, zilizooza chini. DRIV3R ya 2004 ilikuja na sifa nyingi na miji mitatu, Miami, Nice na Istanbul. Ndani ya gari ilikuwa na uhai kidogo. Ukishuka tu, Tanner anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mguu mmoja, na dunia yenyewe ina mashimo ya kutumbukia. Kule Uingereza kuna magazeti mawili yaliyoipa 9 kwa 10, mpaka wasomaji wakapiga kelele kuuliza imekuwaje. Mtaani ilimaliza alasiri moja. Mwenye PS aliitoa, akaiweka chini ya ile CD inayokwama, na hakuna aliyeuliza tena. Benchi halikuwa na matangazo ya kulinda. 25 to Life ya 2006 nayo ilijaribu kutuuzia majambazi na kofia, ikadhani tutaipenda kwa sababu tu inafanana na video za muziki. Hapana. Tulikuwa maskini, hatukuwa wajinga.

Tulijua tofauti kwa sababu kitu cha kweli tulikuwa nacho: Def Jam: Fight for NY, ya 2004 pia. Hiyo nayo ina marapa, cheni na majigambo. Snoop Dogg ndiye adui mkuu, Method Man na Redman wamo, hata Sean Paul yumo. Tofauti ni kwamba ndani yake umati unashiriki. Ukimsukuma mpinzani ukingoni, watazamaji wanamshika, wanamrudisha kwako, wanakupa silaha. Kuna ukumbi wa kituo cha treni ambapo unaweza kumtupa mtu mbele ya gari-moshi linalopita. Na wachezaji ni hadi wanne. Yaani ilikuwa gemu iliyojua kwamba kuna benchi. Kwenye orodha zenu za kunakili sioni jina lake hata kwenye kumi bora, na hapo ndipo najua hamkumbuki, mnasoma.

Kuna atakayesema: gemu nzuri ni nzuri popote, acha ushamba, Shadow of the Colossus ni sanaa. Sijakataa. Nimeicheza nikiwa mtu mzima, peke yangu, usiku, simu imezimwa. Ni kazi kubwa ya Fumito Ueda na wenzake, na kila jitu linaloanguka linakuacha na hatia badala ya furaha. Lakini inahitaji ukimya, na ukimya ni mali. Inahitaji chumba, umeme usioulizwa ni wa nani, na saa ambayo hakuna mtu anakuita uende dukani. Kuna watoto Nairobi waliokuwa na hivyo vyote, na wao wana haki ya kuiweka nambari moja. Ninachokataa ni wewe uliyelipa ashu kujivika utoto wao, kisha kuuonea haya wako.

Maana hili si suala la ladha tu. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Def Jam ni mfano: hakuna duka la kidijitali la konsoli za leo utakaloinunua. San Andreas ipo, lakini matoleo ya baadaye yalipoteza baadhi ya nyimbo za redio kwa sababu leseni ziliisha, na toleo lililofanyiwa ukarabati mwaka 2021 lilitoka bovu hadi Rockstar ikaomba radhi. Hizo ni gemu zenye wenyewe, wenye mawakili na seva. Sasa fikiria zisizo na mwenyewe: zile CD za PES zilizopachikwa, zile sheria za "Eddy haruhusiwi", ile memori kadi yenye safari za watoto ishirini zilizoandikwa moja juu ya nyingine. Hakuna kampuni itakayotoa toleo jipya la hivyo. CD zenyewe zinaning'inia shambani kwa nyanya ya mtu, zinafukuza ndege.

Wabrazili hawakungoja. Walichukua mpira uleule wa Konami kwenye PS2, wakaingiza klabu zao, nyimbo za mashabiki wao na watangazaji wa kwao, wakaiita Bomba Patch, na waliendelea kuisasisha hata miaka ya 2020, mashine ikiwa imeshazikwa na waliyoiunda. Hawakuuliza orodha ya nani inasema nini. Wanakumbuka kwa kipimo chao, na kwa hivyo kumbukumbu yao ina sura.

Sisi tuna nini? Tuna porojo za Ijumaa na orodha za kuazima. Waliokuwa na vyumba vya PS bado wako hai, wengine wanauza simu, wengine wana mashine za PS5 na watoto wapya kwenye benchi lilelile. Waulizeni. Andikeni bei, sheria, majina ya utani ya mabingwa, gemu zilizokataliwa na sababu. Mwenye CD azitoe mavumbini, azicheze hadi mwisho, aseme ukweli: hii bado ina damu, hii ilikuwa takataka tukiwa wadogo na bado ni takataka.

Na orodha zitakapoandikwa, kila gemu iandikiwe pembeni mambo matatu: ulicheza wapi, ulilipa ngapi, nani alikuwa anangoja. Usipoweza kujibu, ipeleke kwenye orodha ya gemu nzuri duniani. Huko itapata heshima yake. Kwenye orodha ya utoto wako haina kiti. Yangu inaanza na Def Jam, kisha Tekken 5, kisha PES 6 bila Inter. San Andreas iko nne, na anayetaka kuipandisha aje aniambie kwanza Tenpenny ni nani.